Kikulacho ki nguoni mwako: waungwana wa London na mazimwi yao, 1885 hadi 1897

Karani wa Mihuri

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Kwenye ule mjadala wa filamu za kutisha nilisema kwamba Dk Jekyll na Dracula si hadithi za mashetani bali ni hadithi za wanaume wanaositiriana aibu, nikapigwa mawe. Haya, leo nimekuja na vitabu vyangu mezani, tubishane vizuri.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili. Mafaili, mihuri, viapo, wasia za watu. Kwa hiyo nilipokisoma mara ya kwanza kisa cha Dk Jekyll na Bwana Hyde cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka Januari 1886, ile dawa anayokunywa Jekyll ili ageuke Hyde haikunishtua, wala lile zimwi lenyewe. Kilichonishtua ni wasia. Jekyll, daktari tajiri wa London, ameandika kwamba akifa mali yake yote iende kwa mtu anayeitwa Edward Hyde. Hapo sawa. Ila ameongeza: au akitoweka bila maelezo kwa zaidi ya miezi mitatu, Hyde ashike nafasi yake bila kuchelewa. Jamani, nani anaandika wasia wa kutoweka kwake mwenyewe? Hata karani wa wiki mbili angeweka kalamu chini akaenda kumwita bosi.

Wakili wake, Utterson, naye aliona ni wazimu. Alikataa kusaidia kuuandika. Lakini akakubali kuutunza. Kasha la chuma, ufunguo, kimya.

Shikeni hicho kimya, nitakirudia.

Kwa wasioifahamu Gothiki: ni aina ya hadithi iliyoanza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa kisa cha kasri la Otranto. Makasri ya mawe, njia za chini kwa chini, watawa waovu, binti anakimbia na mshumaa. Kwa miaka zaidi ya mia uovu katika hadithi hizi uliishi mbali: Italia, Uhispania, milimani, zama za kale. Kufika miaka ya 1880 zimwi likahama. Likapanga nyumba London, mtaa wa madaktari, likawa na mtumishi wa kulifungulia mlango.

Kwa nini likahamia kwa wanaume wa tabaka hilo? Kwa sababu wao ndio waliokuwa na cha kupoteza. Muungwana wa Kiingereza wa wakati ule alijengwa kama nyumba: shule ya bweni, michezo, dini ya kiasi, klabu ya wanaume, jina safi. Asilie, asipayuke, asionekane na haja. Sasa nyumba ya Jekyll ina uso mzuri mbele, uwanja wa heshima, na nyuma kuna mlango uliochubuka rangi, hauna kengele wala kibisho. Wasomaji wengi hupita bila kugundua kwamba ni nyumba moja. Hyde anaingilia nyuma.

Na angalieni tarehe. Julai 1885 mhariri wa gazeti la Pall Mall Gazette, W. T. Stead, alichapisha mfululizo kuhusu wasichana wadogo wanaouzwa London kwa ajili ya wanaume wenye fedha. Ili kuthibitisha, alimnunua msichana wa miaka 13, na yeye mwenyewe akafungwa miezi mitatu. Jiji likachafuka. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kupandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Ndani ya sheria hiyohiyo ya kulinda wasichana, mbunge Henry Labouchere akachomeka kifungu kingine, cha 11: tendo lolote la aibu baina ya wanaume, hadharani au faraghani, kifungo hadi miaka miwili na kazi ngumu. Neno la hatari hapo ni faraghani. Kuanzia siku hiyo barua moja tu ya zamani ilitosha kumchuna mtu fedha maisha yake yote.

Miezi hiyohiyo Stevenson yuko Bournemouth, mgonjwa wa mapafu, anaandika kuhusu daktari anayelipia madeni ya kijana asiyeelezeka. Marafiki wa Jekyll wanadhani nini? Wanadhani anachunwa kwa siri ya ujanani. Hawawazii dawa. Wanawazia jambo wanalolijua.

Kahawa Chungu

Nimeweka kambi hapa, mkuu. Lakini usituchoshe na sheria, tupe damu.

Binti Pangani

Kaka, swali. Nimekisoma hicho kitabu mara mbili na sikumbuki mwanamke mwenye jina la maana. Wako wapi?

Karani wa Mihuri

Dada, umegusa penyewe. Wapo pembeni tu. Kuna kijakazi anayeona mauaji kupitia dirishani akazirai, kuna bibi mwenye nyumba wa Hyde huko Soho ambaye anafurahi kusikia mpangaji wake kaingia matatani, kuna watumishi wanaolia. Na kuna yule mtoto.

Huyu mtoto ndiye aliyenifanya nianzishe uzi. Usiku wa manane, msichana wa miaka minane au kumi anakimbia kumwita daktari, anagongana na Hyde kwenye pembe ya barabara. Hyde anamkanyaga, anaendelea na safari. Enfield, jamaa yake Utterson, anamkimbiza na kumshika. Umati unakusanyika, familia ya mtoto, daktari. Wanafanya nini? Polisi hawaitwi. Wanaume wanamtishia Hyde kwamba watalichafua jina lake London nzima, naye anasema mimi muungwana, tajeni bei. Pauni 100. Kumi taslimu, zilizobaki kwa hundi. Kwa kuwa benki bado imefungwa, wote wanaenda kwa Enfield kusubiri. Asubuhi wanapata kifungua kinywa, halafu wanakwenda benki pamoja.

Kifungua kinywa! Na mtu aliyemkanyaga mtoto saa chache zilizopita. Nilirudi nyuma kusoma tena nikidhani nimekosea.

Enfield akimsimulia Utterson kisa hiki anasema kanuni yake ni kwamba jambo likizidi kunuka, yeye anazidi kutouliza. Wakapeana mkono kwamba hawatalizungumza tena. Tayari kwenye ukurasa wa kwanza tumeambiwa Utterson ana tabia ya kumwacha ndugu yake aende motoni kwa njia anayoitaka mwenyewe, na msimulizi anaitaja kama uvumilivu, sifa njema.

Baadaye Hyde anamuua mbunge mzee, Sir Danvers Carew, kwa fimbo. Jekyll analeta barua anayosema ya Hyde. Karani wa Utterson, Guest (karani mwenzangu, mtu pekee mwenye akili mle ndani), anaweka hati mbili bega kwa bega anaona ni mkono mmoja, umelazwa tu upande mwingine. Utterson anaamini rafiki yake ameghushi barua kumlinda muuaji. Anaifungia kwenye kasha la chuma. Kisha Dk Lanyon anaona kwa macho yake Hyde akigeuka Jekyll, anakufa kwa mshtuko, anaacha bahasha, ndani yake bahasha nyingine: isifunguliwe hadi Jekyll afe au atoweke. Utterson anatamani kuifungua, hafungui. Kasha la chuma tena.

Ndiyo maana nasema Hyde hakulishwa na ile dawa. Alilishwa na lile kasha.

Mzee wa Bao

Umetia chumvi, kijana. Kutunza siri ya mteja ndiyo kazi ya wakili. Hata huko ofisini kwenu. Ungetoa wewe?

Karani wa Mihuri

Mzee wangu shikamoo. Hapo umenipata kidogo. Nimewahi kutunza bahasha ambayo nilijua ina moto, na sikuifungua. Lakini Utterson hakutunza kama wakili tu, alitunza kama rafiki wa shule. Angekuwa Hyde ni mteja wa Soho asiye na jamaa, bahasha ingefunguliwa jioni ileile.

Tuendelee. Agosti 1888 kisa hiki kikapandishwa jukwaani kwenye ukumbi wa Lyceum, London. Mwigizaji Richard Mansfield, aliyekuja kutoka Marekani, alikuwa akigeuka Hyde mbele ya watazamaji kwa taa, rangi na kukunja mwili. Watu walizirai. Wiki chache tu baadaye, tarehe 31 Agosti, mwanamke akakutwa ameuawa Whitechapel. Hadi 9 Novemba walikuwa watano. Magazeti yakaanza kuandika kuhusu Hyde anayetembea mashariki ya jiji, na mtu mmoja akawaandikia polisi kwamba lazima Mansfield ndiye muuaji, kwani binadamu wa kawaida hawezi kugeuka vile. Fikirieni, mji ulikuwa umefundishwa na riwaya ya shilingi moja kumtazama daktari mwenye kofia ndefu kwa jicho la pili.

Binti Pangani

Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Naandika tu, maana nyuzi za kisa hiki huwa zinamtaja muuaji kwa jina lake la kubandikwa na wao kwa hesabu.

Karani wa Mihuri

Asante dada. Yabaki hapo.

Jambo moja dogo kabla ya Dracula. Zama hizo kulikuwa na elimu ya kuwatambua waovu kwa sura. Mwitaliano Cesare Lombroso alitoa kitabu 1876 akidai mhalifu huzaliwa hivyo, na anajulikana kwa taya, masikio, paji la uso. Max Nordau naye mwaka 1892 akaandika kwamba kizazi kizima cha wasanii kimeoza. Waungwana walizipenda nadharia hizi, maana zilimweka mwovu upande wa pili wa barabara. Sasa Stevenson anafanya ujanja: kila aliyemwona Hyde anahisi ana kilema, ila hakuna anayeweza kutaja ni kilema gani. Ni mdogo kuliko Jekyll, nguo za Jekyll zinamburuza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa ni nguo zenyewe kabisa, suruali imekunjwa miguuni, kola imeshuka mabegani.

Kahawa Chungu

Damu, mkuu. Bado tunasubiri damu.

Karani wa Mihuri

Haya. Meneja wa ukumbi ule wa Lyceum alikuwa nani? Bram Stoker. Mtu wa Dublin, aliyefanya kazi chini ya mwigizaji Henry Irving kwa miaka 27. Dracula ilitoka 26 Mei 1897.

Watu wanaikumbuka kama hadithi ya mwanaume mmoja mnyonya damu. Isomeni tena muone kundi la wanaume. Jonathan Harker, wakili kijana. Dk Seward, mwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Arthur Holmwood, mrithi wa cheo. Quincey Morris wa Texas. Profesa Van Helsing. Watu wa sheria, tiba, ukoo, bunduki na elimu, yaani nguzo zote za uanaume wa wakati ule zimekaa meza moja. Na wanashindwa mara tatu, mara zote kwa ugonjwa uleule wa Utterson.

Mara ya kwanza ni Lucy, mchumba wa Arthur, ambaye Dracula anamnyonya damu usiku. Van Helsing anajaza chumba chake maua ya kitunguu saumu ili Dracula asiingie. Mama yake Lucy ana ugonjwa wa moyo, kwa hiyo madaktari wameamua asielezwe kitu. Usiku mama anaingia, harufu inamkera, anaondoa maua na kufungua dirisha ili mwanawe apate hewa. Kwa mapenzi kabisa. Asubuhi anajisifu kwao.

Ya pili ni damu yenyewe, Kahawa, tulia. Ili kumwokoa Lucy wanamwongezea damu, ya mwanaume baada ya mwanaume: Arthur, Seward, Van Helsing, Morris. (Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, kwa hiyo kwa elimu ya leo hao wangeweza kumuua wenyewe.) Arthur, mchumba wake, hajui kama kuna wengine. Baada ya mazishi anasema kwa uchungu kwamba tangu alipompa damu yake alihisi wameoana mbele ya Mungu. Wengine watatu wanakaa kimya. Van Helsing anapoingia garini na Seward anapasuka kicheko na kilio kwa pamoja, mpaka Seward anateremsha mapazia wasionekane. Kwangu hapo ndipo penye Gothiki ya kitabu hiki, ndani ya lile gari lililoteremshwa mapazia, kuliko kwenye kasri zima la Dracula huko Transilvania.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Mina, mke wa Harker, ndiye aliyekusanya kila kitu. Anajua hati mkato, anapiga taipu, amenakili shajara za wote hadi sauti za Seward kwenye fonografu, akazipanga kwa tarehe. Bila yeye wasingejua wanapigana na nini. Van Helsing anamsifu kwamba ana akili ya mwanaume. Halafu anaamua kwamba kwa kuwa ni mwanamke, kuanzia usiku ule asiambiwe chochote. Wote wanaafiki, na mumewe anashukuru. Wanatoka kwenda kumtafuta Dracula kwenye nyumba ya jirani, wakati Dracula yuko chumbani kwa Mina. Asubuhi wanaona amepauka, wanasema maskini, amechoka, tumefanya vema kumficha.

Nyundo Kavu

Mnatafuta kosa la mwanaume hata pasipo na kosa. Nani alimuua Dracula mwishowe? Si wao? Harker alimkata shingo, Morris akamchoma moyo.

Karani wa Mihuri

Ni kweli, mkuu, na Morris alikufa hapohapo, sitaki kumnyima haki yake. Lakini nani alijua Dracula amepita njia ya mto upi? Mina alikaa na ramani akachambua mito miwili, akaandika hoja zake kwa mpangilio, wanaume wakazifuata. Walishinda tu baada ya kumrudisha mezani.

Mimi siwachukii hawa watu. Arthur akiangua kilio begani kwa Mina kama mtoto, naona Stoker aliwahurumia. Walikuwa wamefunzwa kulia gizani tu.

Mzee wa Bao

Hizi za kunyonya damu zinanikumbusha mumiani. Utotoni tulikatazwa kutoka jioni, tukiambiwa gari la zimamoto linachukua watu damu.

Karani wa Mihuri

Mzee, hilo lina uzi wake, na ningeomba uuanzishe wewe. Tofauti naiona moja: mumiani wa wazee wetu alikuwa mtu wa serikali, mwenye gari na sare, na maskini ndio waliomwogopa. Dracula wanamwogopa wenye gari.

Sasa Oscar Wilde, nitakuwa mfupi maana wengi mnamjua. Picha ya Dorian Gray ilitoka Julai 1890 kwenye jarida la Lippincott's, na kampuni ya W. H. Smith ikaliondoa jarida hilo kwenye vibanda vyake vya stesheni. Mwaka uliofuata kikawa kitabu, sura zimeongezwa, baadhi ya maneno yamepozwa. Kisa kinageuza meza ya Lombroso kabisa: kijana anatenda maovu miaka na miaka na uso unabaki wa malaika, picha ndiyo inaoza, imefungiwa juu ya nyumba kwenye chumba alichosomea utotoni. Na akiisha kumuua mchoraji, anamwita rafiki wa zamani, mkemia, aiyeyushe maiti. Rafiki anakataa. Dorian anaandika kitu kwenye karatasi, anamsukumia. Hatuambiwi kimeandikwa nini. Rafiki anasoma, anakubali. Msomaji wa 1890 hakuhitaji kuambiwa.

Februari 1895 bwana mmoja, Markizi wa Queensberry, akaacha kadi ya matusi klabuni kwa Wilde kwa sababu ya urafiki wa Wilde na mwana wa Markizi huyo. Huyu ndiye ambaye sheria za ndondi za 1867, glavu na raundi za dakika tatu, zinaitwa kwa jina lake. Yaani uanaume wenyewe ulikuja na kadi mkononi. Wilde akamshtaki kwa kashfa, akashindwa, akashtakiwa yeye. Wakili wa Queensberry, Edward Carson, aliyesoma chuo kimoja na Wilde huko Dublin, alimsomea mahakamani vifungu vya riwaya yake kama ushahidi. Tarehe 25 Mei akahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu, kwa kifungu kilekile cha 1885. Alitoka gerezani 19 Mei 1897. Wiki moja baadaye Dracula ikaingia madukani. Na Florence, mke wa Stoker, ndiye binti ambaye Wilde alimchumbia zamani kabla Stoker hajamwoa.

Tazameni pia: Stevenson Mskoti, Wilde na Stoker wa Ayalandi. Hakuna Mwingereza kati yao. Anayeijua sebule ya mwenye nyumba vizuri kuliko wote ni mgeni aliyefundishwa namna ya kukaa ndani yake.

Binti Pangani

Kumbe Stevenson huyu ni wa Kisiwa chenye Hazina? Babu alikuwa nacho cha Kiswahili, pamoja na Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Karani wa Mihuri

Ndiye. Na wa Mashimo ni Rider Haggard, aliyekitoa kwa Kiingereza 1885. Muda mfupi baadaye akatoa kisa cha Ayesha, malkia aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili katika mapango ya bara letu. Mashujaa wake wanatoka Cambridge na kuja kwa jahazi pwani ya Afrika, kaskazini ya mdomo wa Zambezi. Wanaume wawili waliokuja kutazama, wakaishia kupiga magoti. Miezi Haggard akiandika hayo, 1886, Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipima bara la Sultani wa Zanzibar kwa rula, wakimwachia maili kumi za pwani. Babu zetu walipewa Mashimo wasome, vijana hodari wenye bunduki. Jekyll sijakutana na mzee aliyeletewa shuleni.

Kahawa Chungu

Swali la mwisho kabla sijalala. Mwisho wa Jekyll wanavunja mlango wanamkuta Hyde amejiua na sumu, sawa. Sasa ile mali, robo milioni ya pauni, ilikwenda wapi? Wewe ndiye mtu wa wasia.

Karani wa Mihuri

Nilikuwa nangoja mtu aulize. Juu ya meza walikuta bahasha, ndani yake wasia mpya, masharti yaleyale ya kufa au kutoweka. Jina la Hyde limeondolewa. Pameandikwa Gabriel John Utterson.